Badala ya wali: koliflawa, kabichi au papai bichi?

BintiKibokoni
Salaam aleikum jamaa. Mamangu ana sukari, na daktari amemwambia apunguze wali. Kumwambia mtu wa Mombasa apunguze wali! Huyu kwake chapati ni kitafunio. Chakula ni wali na mchuzi, kwisha maneno.

Juzi nikajaribu "wali" wa koliflawa. Niliitia kwenye blenda nikaizungusha, kisha nikaipika kwa tui la nazi vilevile nipikavyo wali. Ukatoka uji, tena uji wenye harufu ya kabichi iliyolala. Mama akaonja kijiko kimoja, akaweka kijiko chini taratibu, akaniuliza, "Kwani humu ndani nani mgonjwa?"

Sijakata tamaa. Nafikiria koliflawa tena, au kabichi, au papai bichi maana jirani ana mti umezaa mpaka umeinama. Nani kati yenu amewahi kupika hivi vitu? Nataka cha kumwagiwa mchuzi wa samaki, sitaki saladi.

MpishiWaKisauni
Bi, umekosea mara mbili: blenda, halafu tui.

Blenda ukiiacha izunguke inasaga, na sisi twataka punje. Kama huna kingine, bonyeza uachie, bonyeza uachie, na jagi usilijaze. Mimi hutumia kikwaruzo cha karoti, upande wa matundu makubwa. Hata kikonyo usitupe, kinakwaruzika vizuri. Koliflawa ukishaiosha iache ichuje maji kabisa kabla hujaigusa, kisha ikwaruze, iweke kwenye kipande cha leso kuukuu safi, uikamue kama unavyokamua chicha. Maji yatatoka tu, ndiyo uji wako huo.

Sasa tui. Mchele ni mkavu, ndiyo maana unakunywa tui na kuvimba. Koliflawa zaidi ya asilimia 90 yake ni maji. Imeshashiba, hilo tui litaingia wapi? Ukitaka ladha ya nazi, kaanga vijiko viwili vya nazi iliyokunwa kwenye sufuria kavu mpaka inukie na kuanza kugeuka rangi, uichanganye mwishoni.

Kupika kwenyewe ni haraka: sufuria pana, mafuta kijiko kimoja, kitunguu, jira nzima, iliki moja umeipasua. Tia koliflawa, moto uwe wa juu kidogo, geuza. USIFUNIKE, mvuke ukirudi ndani umerudi kwenye uji. Dakika tano hadi saba. Mwanzo utasikia inachemka, baadaye sauti inageuka, inaanza kuchacharika kama kitu kinachokaangwa. Hapo tia chumvi uepue. Chumvi ikitangulia inavuta maji.

AmiWaLikoni
Hizi taabu za nini? Muhogo upo. Ukwaruze, ukamue, uupike kwa mvuke. Punje safi na tumbo linashiba.

Nesi_Majengo
Ami, shikamoo. Kwa ladha sikubishii. Lakini mgonjwa ni wa sukari, na hapo tutakuwa tumeruka majivu tukakanyaga moto. Gramu 100 za muhogo mbichi zina wanga gramu 38 hivi. Wali uliopikwa, kiasi hichohicho, una kama 28. Koliflawa ni 5 tu, kabichi haizidi 6.

Binti, kuna jambo nataka ulishike. Kama Mama anadungwa insulini, au anameza glibenclamide (vidonge vya kushusha sukari), usimwondolee wali wote kwa siku moja. Dawa imepimiwa mtu anayekula wanga. Ukiutoa ghafla sukari inaweza kushuka mpaka akatetemeka, akatoka jasho, akachanganyikiwa. Mwambieni daktari kwanza, na mpimeni mara nyingi zaidi wiki za mwanzo.

AmiWaLikoni
Marahaba mwanangu. Basi muhogo nitakula mimi.

MamaWawili
Mimi ni wa kabichi, kwa sababu ya mfuko. Bei ya koliflawa moja hapo Kongowea mimi naondoka na kabichi mbili na dhania juu. Ikate nyembamba sana, kisha igeuze uikate tena kwa upana mpaka iwe vipande vidogo kama punje. Mimi chumvi naitanguliza, kinyume na ndugu wa Kisauni: naipaka, naiacha dakika kumi, naisuuza, naikamua, ndipo naikaanga. Maji yote yanatokea kwenye bakuli badala ya sufuriani.

Ila nisikudanganye, na mchuzi wa samaki haipendezi. Ladha ya kabichi haijifichi. Kwenye pilau ndiyo inafaa: kitunguu kikaangwe mpaka kiwe kahawia kabisa, bizari ya pilau, mdalasini, nyama na viazi viwili tu vya kudanganyia watoto. Hapo hata kabichi inasahau kwao.

MpishiWaKisauni
Kuitanguliza chumvi kisha kuikamua nakubali, mradi isuuzwe kweli. Wengi wenye sukari wana na presha.

Shamba_Bamburi
Mbona papai mmelipita? Mimi kwangu ndilo bora. Halina harufu, na likipikwa halilainiki upesi kama koliflawa.

Liwe bichi hasa, ndani jeupe. Likianza unjano limeshakuwa tamu na litavurugika. Paka mafuta mikononi kabla ya kumenya, ule utomvu unawasha. Toa mbegu, kwaruza, loweka kwenye maji dakika kumi na tano, mwaga, kamua. Tatizo lake ni kwamba linatoka nyuzi, kwa hiyo lipitishe kisu tena. Ni kazi. Kama nyumbani kuna mjamzito, yeye asilile.

MamaWawili
Shamba, dakika ngapi jumla?

Shamba_Bamburi
Nikiwa peke yangu, saa nzima. Nimesema ni kazi.

BintiKibokoni
Nimerudi na majibu. Koliflawa nimeikwaruza na kuikamua kwenye leso, nikapata karibu robo kikombe cha maji, na ilikuwa kichwa kidogo! Sikuifunika. Ile sauti kweli inageuka.

Sikumpa yote. Dada nesi alinitia hofu, nikampigia daktari, akasema tuanze nusu kwa nusu. Nikachanganya wali mkavu kidogo na koliflawa, nazi iliyokaangwa juu, na mchuzi wa nguru. Mama alikula kimya. Sahani ya kwanza ikaisha, akaomba mchuzi tena.

Kabichi nimeipika jana, akaitenga pembeni ya sahani kijitikijiti kama mtu anayetoa miba. Papai nimemwomba jirani, ameniletea manne. Shamba, hilo la kupitisha kisu mara ya pili, blenda hailiwezi? Nitabonyeza na kuachia.

Shamba_Bamburi
Jaribu na moja kwanza.