Bennachie na mama mzazi: inawezekana?

Mchagga_Aberdeen: Wadau, habari za humu. Mama yupo huku Scotland kutoka Moshi, na ameshachoka kuzungushwa madukani. Anataka kupanda kilima. Miaka 63, miguu mizima ya kwenda shambani. Mwezi huu wa nane Bennachie, vile vilima vya huku Aberdeenshire, inafaa?

Bi Rehema: Mwanangu, mpeleke. Anzieni maegesho ya Rowantree, mfuate njia ya Maiden Causeway. Mnapita msituni kwanza, kisha miti inakwisha ghafla na nyika yote iko wazi, maua ya rangi ya zambarau tupu msimu huu. Kilele cha Mither Tap ni mita 518 tu. Karibu na kilele mnaingia kwenye pengo la ukuta wa mawe uliobomoka: ni ngome ya Wapikti, watu wa kale wa Scotland, zaidi ya miaka 1,000. Mwisho ni mwamba mtupu, hapo mshike mkono. Na jaketi la upepo lazima, hata Aberdeen kukiwa na jua. Upepo wa pale juu hauna adabu.

Juma wa Dundee: Kilele kirefu ni Oxen Craig, 528. Msidanganyike na umbo la Mither Tap.

Bi Rehema: Mdogo wangu, mita kumi hizo mpe mama wa watu apumzikie! Mither Tap ndiyo yenye ngome.

Mchagga_Aberdeen: Shikamoo Bi Rehema, asante. Mama anauliza kama kuna nyoka.

Bi Rehema: Marahaba. Wapo, ila hujificha. Mimi naogopa kupe zaidi. Suruali iingie ndani ya soksi.