Zege la netiboli kwenye uwanja wa mpira wa mtaa: vyote vitaenea?

Mkazi wa Isevya
Majirani, habari za jioni. Mkutano wa mtaa umeletewa pendekezo la kumwaga zege la netiboli na kikapu upande wa kaskazini wa uwanja wetu wa mpira. Eneo lote ni mita 110 kwa 70, refu kwenda kaskazini-kusini, na pembeni kuna miembe minne. Mabinti hawana pa kuchezea, hilo halina ubishi. Ila je, zege na uwanja wa mpira, vyote viwili vitaenea? Na zege hilo litadumu?

Mwamuzi Tabora
Havienei. Kiwanja cha netiboli ni mita 30.5 kwa 15.25, na pande zote iachwe mita 3.05 ya kukimbilia. Zege zima ni kama 36.6 kwa 21.4. Likilazwa kwa upana kule kaskazini, ukaacha mita 3 nyuma ya kila goli la mpira, unabaki na urefu wa mita 82 tu. Sheria ya mpira inataka zisipungue 90. Ukilipeleka ubavuni, ukaacha mita 3 kila upande, upana unabaki kama mita 42, na sheria inataka usipungue 45. Tena likilazwa kwa upana, magoli ya netiboli yanatazamana mashariki na magharibi. Mechi za mtaani huanza saa 10 jioni, kwa hiyo mfungaji wa timu inayoshambulia goli la magharibi atapigwa na jua machoni.

Fundi Zege
Kuhusu kudumu: zege hupasuka kwa sababu ya kilicho chini yake. Chimba udongo wa juu wote pamoja na mizizi ya miembe. Ukikuta udongo mweusi wa mbuga, utoe kabisa, maana masika unavimba na kiangazi unanywea. Kisha mwaga moramu (udongo wa changarawe) sentimita 15 kwa tabaka mbili, kila moja inyunyiziwe maji na kushindiliwa. Zege la sentimita 10 kwa eneo hilo ni mita za ujazo 78. Kwa mchanganyiko wa 1:2:4 (saruji, mchanga, kokoto) andaeni mifuko 500 hivi ya saruji. Kata mistari ya kuligawa vipande visivyozidi mita 3 kwa 3, kina cha mstari sentimita 2.5, ndani ya saa 24, la sivyo litajichagulia lenyewe pa kupasukia. Mwagilia siku 7 bila kuruka hata moja.

Mteremko ni sentimita 1 kila mita, upande mmoja. Hapo ndipo wengi wanakosea: mvua ya milimita 20 tu inashusha lita zaidi ya 15,000. Bila mfereji, maji hayo yanaishia golini au kwenye nyumba za watu.

Nguzo za netiboli zichomekwe kwenye bomba lililozikwa, zing'olewe kikapu kikichezwa. Pete zote mbili ni mita 3.05 kwenda juu.

Mama Netiboli
Mwamuzi, heshima yako, lakini mita 82 zinawatosha kabisa watoto na timu za mtaani. Mabinti wana sifuri. Hoja ya jua naikubali. Zege lisikae chini ya miembe: msimu wa embe, tunda lililoiva likipondwa juu ya zege ni utelezi mtupu, na goti la mchezaji halirudi. Na vibanda vya biashara visipenyezwe humo. Huko ni kubadili matumizi, kunahitaji kibali cha halmashauri chini ya Sheria ya Mipango Miji ya 2007.

Mkazi wa Isevya
Asanteni sana. Kabla ya mkutano ujao tupime kwa tepu ya mita 50, tuchore zege kwa chokaa hapo hapo uwanjani. Pembe ya kusini-magharibi haina mwembe. Tuanzie huko, tuone zege likisimamishwa kaskazini-kusini linakula mita ngapi za mpira.