Wakuu, bati la boti linanikimbia kila nikipiga riveti. Nalishikiza vipi kwanza?

FundiWaNyakato

Habari za jioni wakuu. Nipo Mwanza, Nyakato, nina karakana ndogo. Kazi zangu za kila siku ni mageti, madirisha na meza za chuma. Mwezi uliopita mama mmoja anayekwenda visiwani kununua samaki aliniletea boti yake ya alumini, urefu mita tano na nusu. Chini imetobokatoboka kwa kuburutwa juu ya mawe, na mawe ya huku kwetu mnayajua. Nikakubali kubadilisha bati lote la chini.

Boti niliipindua uani. Nikakata bati la mm 2, urefu mita 3.6. Asubuhi nikapima kwa uangalifu, nikatoboa matundu yote kwa biti ya mm 4.9: ya bati nikiwa nimelilaza chini, na ya fremu palepale kwenye boti. Mistari miwili, kila sm 3 tundu moja, na kutoka ukingoni ni mm 15. Mchana nikapata mteja mwingine, nikarudi kwenye boti saa tisa alasiri. Nikaanza kupiga riveti (zile pini fupi za kuunganisha bati na fremu) kutoka mbele kwenda nyuma, kijana wangu akisukuma bati kwa mikono na vaisi gripu mbili, yaani koleo za kubana, zikiwa pembeni.

Mwanzo yalikaa vizuri. Kufika katikati matundu yakaanza kupishana, kufika nyuma yamepishana nusu tundu. Nikayapanua kwa biti ya mm 6 ili nimalize. Bati limetuna katikati, ukilikandamiza linaingia na kutoka kwa kishindo. Tulipoishusha Igombe kuijaribu, maji yaliingia ndani ya robo saa.

Yule mama hajanigombeza, na hilo ndilo linaniumiza zaidi, maana boti hiyo ndiyo mkate wa watoto wake. Nataka nibomoe nianze upya. Swali langu: nyinyi mnashika vipi bati lisisogee kabla ya kulifunga moja kwa moja? Naomba mnielekeze, nipo tayari kukosolewa.

Buzuruga_Metal

Pole mkuu. Mimi ningeshikiza kwa kuchomelea. Vidoti vidogo kila futi moja, halafu riveti zinafuata. Ndivyo tunavyofanya kwenye mageti na halisogei.

Hangani_Zamani

Buzuruga, kwenye chuma uko sahihi kabisa, lakini hapa asifanye hivyo. Mashine ya kawaida na fimbo za kawaida za chuma hazishiki alumini. Hata akimpata mwenye mashine ya gesi inayofaa, bati la mm 2 litajikunja kwa moto, na sehemu iliyopata joto kali inaweza kulainika. Fundi, weka moto kando.

Nimefanya kazi miaka mingi kwenye karakana ya ndege ndogo, na kazi yetu kubwa ilikuwa hiyohiyo: bati jembamba la alumini juu ya fremu, riveti mamia kwa mamia. Kabla sijasema neno, nijibu jambo moja. Saa tisa ulipoanza kupiga riveti, bati lilikuwa wapi? Juani au kivulini?

FundiWaNyakato

Juani mkuu. Lilikuwa limelala uani tangu asubuhi. Hata kulishika tulitumia matambara.

Hangani_Zamani

Basi sehemu ya jibu ni hiyo. Alumini ikipata joto, kila mita moja hurefuka takriban mm 0.023 kwa kila nyuzi 1 ya Selsiasi. Bati lako ni mita 3.6. Tuseme asubuhi ulipotoboa lilikuwa nyuzi 25 na alasiri likafika 55. Zidisha: karibu mm 2.5. Fremu iko chini yake kivulini, haikurefuka kiasi hicho. Nusu ya tundu lako la mm 4.9 ni kiasi gani? Ni hiyohiyo mm 2.5.

Sisemi jua lilifanya yote. Ulitoboa bati peke yake na fremu peke yake, na vipimo vya tepu hujilimbikizia makosa, nusu milimita hapa, nusu pale. Halafu ulianzia upande mmoja. Kila riveti uliyopiga ilifunga kosa lililotangulia na kulisukuma kwa linalofuata, mpaka nyuma ukakuta madeni yote yamekusanyika. Na kule ulikolazimisha, urefu wa ziada ukakosa pa kwenda, ndiyo maana bati limetuna.

Sasa jinsi ya kushika. Kwenye ndege tunatumia kishikizo kinaitwa Cleco. Ni kama kidole cha chuma chenye springi ndani, na kwenye ncha kina miguu miwili myembamba yenye ndoano, katikati yake kijiti bapa. Unakiminya kwa koleo yake, miguu inachomoza na kusogeleana, unaipitisha tunduni. Ukiachia, springi inaivuta nyuma, kijiti kinaitanua, na ndoano zinang'ang'ania upande wa pili. Kukitoa unaminya tena. Havihitaji mtu wa upande wa ndani, na hapo ndipo vinapoishinda boliti. Vina rangi kufuata tundu: rangi ya fedha mm 2.4, ya shaba mm 3.2, nyeusi mm 4.0, ya dhahabu mm 4.8. Vile vya kawaida vinabana unene wa hadi mm 6 hivi, kwa hiyo bati lako la mm 2 na fremu vitaingia kama fremu haizidi mm 4. Ila fahamu kwamba springi yake si kali. Inashikilia bati lililokwisha kukaa mahali pake. Bati lililojikunja haiwezi kulivuta.

Kifaa chenyewe lakini si siri ya kazi. Siri ni mpangilio. Usitoboe tundu la mwisho kwanza. Weka bati juu ya fremu, libane kwa jiriwa, toboa vitundu vidogo vya mm 3.2 ukipitisha biti kwenye bati na fremu kwa pamoja. Anzia katikati ya boti. Ukitoboa kimoja, kishikize hapohapo, ndipo utoboe kinachofuata. Kimoja kuelekea mbele, kimoja kuelekea nyuma, kushoto na kulia. Kila tundu la tatu au la nne liwe na kishikizo. Ukimaliza, lisukume bati kwa kiganja kote. Likituna mahali, ondoa vishikizo vya eneo hilo na ulipange upya, maana hapo bado hujapoteza kitu. Bati likishatulia ndipo unapanua matundu kufikia kipimo cha riveti, moja baada ya jingine, ukihamisha vishikizo.

Halafu lifungue lote tena. Najua inauma, lakini kati ya bati na fremu kumejaa unga wa alumini, na midomo ya matundu ina makali yanayozuia bati kulala. Chukua biti kubwa, izungushe kwa mkono kwenye kila mdomo, makali yaishe. Futa, paka silanti (ile gundi ya kuzuia maji), rudisha vishikizo, piga riveti silanti ikiwa bado mbichi. Silanti ikishakauka kabla hujabana, umeweka mto na maji yatapita.

MamaBandi

Nimesoma mpaka mwisho ingawa mimi ni fundi cherehani wa Mabatini. Hangani, unachoeleza ni kupiga bandi, yaani kushikiza kitambaa kwa mshono wa muda wa mkono. Wanafunzi wangu wote wanataka kuruka bandi waende moja kwa moja kwenye cherehani, na wote gauni linawatoka limevutwa upande mmoja. Kola haianzwi pembeni, kaka. Unaweka pini katikati ya shingo, halafu begani huku na begani kule, na kinachobaki unakigawanya.

FundiWaNyakato

Hangani, nimekaa kimya dakika nzima baada ya kuona hesabu ile. Asante sana. Shida ni kwamba nimezunguka maduka ya vifaa mjini, hizo Cleco hakuna anayezijua. Naweza kutumia boliti? Na haya matundu niliyoyapanua hadi mm 6 nayafanyaje? Ya kwenye fremu siwezi kuyaziba.

Seremala_Ukara

Mwangaluka ng'wanawane. Mimi naunda mitumbwi ya mbao tangu ujana wangu, riveti sijui. Ila kuhusu kushika nitakwambia.

Ubao wa mtumbwi ni mkaidi kuliko bati lako. Una unyevu, una fundo, unataka kurudi ulivyokuwa mtini. Sisi tunauanzia kwenye taruma, yaani ubavu wa mtumbwi, la katikati. Tunauzungushia kamba pamoja na taruma, tunatia kijiti kwenye kamba na kusokota mpaka ubao ukubali. Pale kamba isipofika tunagonga kabari. Pale kabari isipokaa tunapiga msumari wa muda, na chini ya kichwa chake tunaweka kipande cha mbao ili kesho tuung'oe bila kuumiza ubao. Tunaulaza hivyo. Asubuhi tunaangalia umelala wapi na umekataa wapi. Misumari ya kweli inapigwa siku hiyo ya pili.

Nawe libane bati lako jioni, uliache lilale. Ulitazame alfajiri kabla jua halijapanda Nyakato.

Hangani_Zamani

Mzee ameshika mahali penyewe. Shikamoo mzee. Fundi, fanya kazi alfajiri au tandika turubai juu ya boti, bati na fremu vipate joto moja.

Boliti zinafaa. Tafuta za mm 3 kwa vitundu vya mwanzo, washa (vile visahani vya kuweka chini ya nati) pana pande zote mbili, na kama utapata nati zenye masikio, zile za kukaza kwa vidole, utaokoa muda. Utahitaji kijana wa kuwa ndani. Usizikaze kwa spana mpaka washa izame kwenye bati. Alumini ni laini, itabaki na alama. Pale ambapo viti vimefunika na mkono haufiki, tumia skrubu fupi ya bati kwa muda. Itakula kidogo kwenye tundu dogo, lakini ukipanua kovu linaondoka.

Matundu ya mm 6: usirudishe riveti ya mm 4.8 humo hata kwa silanti ya debe zima. Panda hadi riveti ya mm 6.4, toboa kwa biti ya mm 6.5. Kanuni yetu ni kwamba kutoka katikati ya tundu hadi ukingo wa bati pawe angalau mara mbili ya unene wa riveti, yaani hapa mm 13. Wewe una 15, kwa hiyo umepona. Kwenye bati jipya utatoboa kwa kupitia matundu ya fremu, kutoka ndani, sehemu hiyo tu.

Na nikuulize, riveti ulizotumia ni zile za kuvuta zenye tundu katikati? Kama ndizo, hata ungezipanga kwa usahihi wa ajabu, maji yangepita katikati yake. Chini ya maji weka zile zilizozibwa upande wa ndani, au za kugonga. Kama ni za kugonga, urefu unaotokeza kabla ya kugonga uwe mara moja na nusu ya unene wake: ya mm 4.8 itokeze mm 7 hivi. Na ziwe za alumini. Riveti ya chuma kwenye alumini italiwa au itaila boti. Maji yetu hayana chumvi kwa hiyo itachelewa tu.

Mtoto_wa_Bandari

Naongeza kitu kidogo kwa sababu mada hii imenigusa. Marehemu baba alifanya kazi bandarini hapa Mwanza, na alipenda kunieleza meli za zamani za ziwa hili zilivyokuja. Usoga na Rusinga, za karibu mwaka 1914, ziliundwa Paisley, Scotland. Kule zilifungwa kwa boliti tu, meli nzima. Kila kipande kikaandikwa namba, zikafunguliwa zote, vipande vikapakiwa kwenye meli hadi Mombasa, vikapanda reli hadi Kisumu, na huko ndiko zilikofungwa kwa riveti. Hata MV Victoria yetu iliyotoka kwa kampuni ya Yarrow ya Scotland mwaka 1959 ilikuja vipande vipande namna hiyo, ikaanza kazi 1961.

Kwa hiyo mkuu, kabla hujalifungua bati lako kusafisha, chukua kalamu ya wino usiofutika. Andika mbele ni wapi, kulia ni wapi, na namba kila matundu kumi. Bati la chini la boti linafanana pande zote ukiligeuza.

FundiWaNyakato

Narudi na mrejesho wakuu. Zimepita siku kumi na moja.

Nilipata boliti 60 za mm 3 na washa zake. Nati zenye masikio hazikutosha, nyingine nilikaza kwa vidole na plaizi. Nilianza saa kumi na mbili asubuhi chini ya turubai, nikaanzia taruma la katikati. Bati lilituna mara moja, upande wa kulia mbele kidogo ya kiti cha pili. Nilitoa boliti nane, likalala, nikarudisha. Mzee wa Ukara, nililiacha usiku mzima kama ulivyosema, na asubuhi nilikuta pembe ya nyuma imeinuka karibu mm 1. Bila kulilaza nisingeiona.

Kulifungua kusafisha kulichukua saa nne. Unga wa alumini uliotoka pale katikati ungejaza kikombe cha kahawa. Matundu yote yalilingana, hata yale ya mm 6.5 ya nyuma.

Jana tuliishusha Igombe, mama mwenyewe akiwepo. Tumeiacha majini kwa muda wa saa mbili ikiwa na mawe ndani kama mzigo. Chini ni pakavu isipokuwa riveti moja, ya tisa kutoka nyuma upande wa kushoto, inatoa tone moja moja. Nadhani silanti ilikuwa imeanza kukauka nilipofika hapo. Hangani, niitoe hiyo peke yake, au niguse na za jirani?

Hangani_Zamani

Itoe hiyo peke yake. Kata kichwa kwa biti ya kipimo kilekile, polepole, usiguse tundu. Kabla hujaisukuma nje, weka boliti kwenye tundu lililo karibu kama lipo wazi, au jiriwa ukingoni, bati lisinyanyuke. Silanti mpya, riveti mpya. Na msalimie yule mama.