Naomba ushauri: mfano wa ngome kwa darasa la historia

Habari zenu wakuu. Nafundisha historia, nataka wanafunzi wangu watengeneze mifano miwili ya ngome. Wa kwanza ni wa Wanormani waliovamia Uingereza 1066: kilima cha udongo, mnara wa mbao juu yake, chini ua wenye uzio wa magogo. Zilijengwa haraka, ila mbao huoza na kushika moto. Wa pili ni Beaumaris kule Wales, ilianza kujengwa 1295 kwa mawe na chokaa, ukuta ndani ya ukuta. Hiyo naipenda mno!

Shida ni kilima. Juzi udongo wa mfinyanzi ulipokauka ulipasuka, mnara wa njiti ukalala. Nichanganye mchanga au majani makavu? Na changarawe za ukuta zitashika kwa chokaa? Nisaidieni jamani, kipindi ni Jumatatu.