Kekeo anamaliza kurumbiza shambani kwangu, nifanyeje?

Mnyalu_Mufindi: Wakuu, habari za jioni. Nina shamba la parachichi na chai kidogo huku Mufindi. Zamani kurumbiza walikuwa wanatuamsha kwa nyimbo, siku hizi kimya. Juzi nimemkuta mmoja kwenye ua analisha kinda limemzidi umbo, kichwa chake kinazama mdomoni mwa lile kinda! Jirani anasema ni la kekeo, yule anayetaga kwenye viota vya ndege wengine na kulia mvua zikikaribia. Nimtegee au nitoe mayai yake?

Dogo_Manati: Manati tu mkuu, kazi imeisha.

Ticha_Iringa: Dogo tulia, kuua ndege wa porini bila kibali ni kosa kisheria. Halafu faida yenyewe hakuna. Kinda la kekeo likianguliwa tu, bado kipofu na halina hata unyoya, linabeba mayai ya mwenye kiota mgongoni na kuyasukumia nje. Ukiliona linalishwa ujue wenzake walishakwenda. Na hawa wawili wameishi pamoja tangu enzi, sasa kwa nini kurumbiza waishe leo?

Mnyalu_Mufindi: Mbona Marekani wanatega ndege wa aina hiyo?

Ticha_Iringa: Walitega, kule Michigan, kuanzia 1972, ndege anayeitwa cowbird, naye anataga viotani mwa wenzake, ili kumwokoa ndege mdogo aitwaye Kirtland's warbler. Viota vilipona, ila mwaka 1987 madume waliohesabiwa wakiimba walikuwa 167 tu. Waliongezeka kweli pale misonobari michanga ilipopatikana kwa wingi, maana hawatagi kwingine. Mtego ulisaidia, bila makazi usingetosha. Tena wale cowbird walienea baada ya misitu kufyekwa na ng'ombe kuingia. Kekeo wetu ni mwenyeji.

MamaParachichi_Njombe: Kaka, mimi nauliza vichaka viko wapi? Kurumbiza anajenga chini chini na kuokota wadudu kwenye majani makavu. Shamba likiwa jeupe hadi kijitoni, atakaa wapi? Paka nao wafungie, hasa asubuhi. Kekeo mwache, anakula hata viwavi vyenye manyoya ambavyo ndege wengi wanavikwepa.

Mnyalu_Mufindi: Bondeni aliyeniuzia alishafyeka kila kitu. Miche ya asili napata wapi?

MamaParachichi_Njombe: Usinunue kwanza. Zuia moto na mifugo kando ya kijito, mengi yataota yenyewe. Mvua zikiisha tupe mrejesho, ukiona pamebaki nyasi tupu ndipo tuongee habari ya miche.