Mkeka wa timu 5, sistemu 3/5 au nigawe singo? Nina elfu 20

Dereva_wa_Duga:
Wakuu habari za jioni. Niko Tanga hapa, kesho nataka kuweka elfu 20, timu 5 nimeshazichagua zote za Ulaya na nina uhakika nazo. Sasa nazitupia zote kwenye mkeka mmoja kama kawaida, yaani tiketi moja mpaka zote zishinde ndo ule, au niende na hii sistemu 3 kwa 5, maana kuna dogo hapa kijiweni anasema ukiweka sistemu timu moja ikichana bado unakula. Au niwe mpole tu niweke singo, kila timu na tiketi yake ya elfu nne. Naomba majibu ya haraka mechi ya kwanza kesho mchana. Natanguliza shukrani.

Fundi_Redio:
Odi ziko wapi mkuu, yaani kila timu ikishinda hela yako inazidishwa mara ngapi? Bila odi hapa tunapiga ramli. Na hilo neno "uhakika" liweke kando kwanza, kama zingekuwa za uhakika usingeuliza.

Mgosi_Halisi:
Singo ni za wazee wa pensheni. Mimi mkeka tu, timu 12 mpaka 15, buku inazaa laki, halafu mkeka ukiwa mrefu wanakuongezea na bonasi. Juzi juzi hapa nimekula laki 3 kwa buku moja, sistemu ingenipa nini?

BintiSahare:
Na kabla ya hiyo laki 3 kaka imechanika mingapi?

Mgosi_Halisi:
Iliyochanika huwa sihesabu dada, hiyo ni mbolea.

Dereva_wa_Duga:
Samahani nilisahau odi. Ni 1.30, 1.40, 1.25, 1.50 na ya mwisho 1.85. Zote ziko nyumbani kasoro hiyo ya 1.85.

Fundi_Redio:
Haya sasa tunaongea. Mkeka mmoja zinazidishwa zote, inakuja odi 6.31, kwa elfu 20 unakula 126,262, hapo kodi ya ushindi bado haijakatwa. Ikichana moja ndo umeondoka mikono mitupu.

Sistemu 3/5 watu wengi hawaielewi. Siyo mkeka mmoja wenye msamaha, ni mikeka 10 ya timu tatu tatu, na elfu 20 yako inagawanywa, kila mkeka unapata elfu 2. Sasa tuseme ile ya 1.85 ndo imekuangusha, maana ndo yenye dalili hizo. Umebaki na nne, katika ile mikeka 10 inayopona ni minne tu. Ukizidisha na kujumlisha unapata 20,135. Yaani timu nne kati ya tano zimeshinda na faida yako ni shilingi 135.

Zikipatikana zote tano sistemu inakupa 61,279, nusu ya mkeka haifiki. Zikipatikana tatu unabaki na mkeka mmoja, uliokaa vizuri kuliko yote ni wa 7,770, maana yake umeshapoteza zaidi ya elfu 12. Dogo wa kijiweni hajakudanganya, unakula kweli, ila ni ile hela yako mwenyewe inakurudia.

Dereva_wa_Duga:
135?? Mbona hata nauli haifiki

Mpwa_wa_Makorora:
Hii imenikumbusha kitu wacha niwasimulie japo inaniuma. Mimi niliweka hiyo hiyo 3 kwa 5, elfu 10, nikachagua timu vigogo watupu zote odi 1.25 nikajiona nina akili kuliko wote waliojaa pale kibanda umiza. Mechi nne zikaisha vizuri ya tano ikatoka sare dakika za majeruhi, jamaa zangu wakaanza kunipa pole, mimi nawacheka nawaambia nyie endeleeni na mikeka yenu mimi nimeweka sistemu, moja kuchana hainihusu. Nikanunua soda kwa mdomo kwa watu sita, kabisa mwenye duka akaandika kwenye daftari. Naenda dirishani yule dada ananihesabia elfu 7 mia nane na kumi na mbili. Nikamwambia dada umekosea hii siyo yangu. Akaangalia tena. Nikapandisha sauti, nikasema mnatuibia, watu wakajaa, mpaka mzee mmoja aliyekuwa foleni nyuma yangu akachukua kalamu akaniandikia nyuma ya tiketi: 1.25 mara 1.25 mara 1.25 ni 1.95, mara mikeka minne, mara elfu moja. Nikanyamaza. Nimepatia nne kati ya tano nimepata hasara zaidi ya elfu 2 na deni la soda juu. Yule dada nikikutana naye sokoni mpaka leo navuka barabara.

BintiSahare:
😂😂 soda je ulilipa?

Mpwa_wa_Makorora:
Nililipa nne. Mbili namdanganya mwenye duka mpaka leo.

Fundi_Redio:
Ndo hesabu yenyewe hiyo. Kwa 3/5 kama odi zako zote zinalingana, chini ya 1.36 hata ukipatia nne unarudi na hasara. Sistemu inataka odi kuanzia 1.70 huko kwenda juu. Watu wanaweka timu za bei rahisi kwenye sistemu wakidhani wanajikinga.

Ami_wa_Ngamiani:
Vijana mnazijua timu za Ulaya mpaka anayeosha jezi, Coastal Union yetu ya hapa Tanga akicheza Mkwakwani jukwaa tupu. Coastal kachukua ubingwa 1988, kati yenu nani alikuwa amezaliwa?

Mgosi_Halisi:
Shikamoo ami. Coastal nampenda lakini kumweka kwenye mkeka siwezi, atanichania roho.

Ami_wa_Ngamiani:
Marahaba. Hujampenda basi.

Kimanumanu_Damu:
Mnamuongelea Coastal kama mji huu hauna African Sports. Haya endeleeni.

BintiSahare:
Turudi kwenye mada jamani. Fundi mi nauliza, kwa nini kampuni zinatoa bonasi kwenye mkeka mrefu na kwenye singo hakuna? Huruma hiyo inatoka wapi?

Fundi_Redio:
Swali zuri. Chukulia kurusha shilingi, kichwa au mwenge, haki yake ni odi 2.00 kila upande. Kampuni inakupa 1.90. Maana yake kila 100 unayoweka, kwa muda mrefu inarudi 95. Hiyo ni singo. Ukiunganisha, hilo kato nalo linazidishwa, timu tano unabaki na kama 77, timu kumi kama 60. Sasa huyu Mgosi na timu zake 15 kampuni ikimwongezea bonasi inamrudishia kipande cha alichokatwa tayari.

Mgosi_Halisi:
Wewe na hesabu zako umeshakula ngapi mwaka huu?

Fundi_Redio:
Sijabeti tangu Ramadhani. Natengeneza redio za watu tu.

Mgosi_Halisi:
Si unaona. Kocha ambaye hajawahi kugusa mpira.

Mpwa_wa_Makorora:
Mgosi usimtukane mtu bure, 77 na 60 ni hesabu ya darasa la saba hiyo. Mimi naona Dereva atoe hiyo ya 1.85, abaki na nne.

Dereva_wa_Duga:
Nikiitoa odi inashuka mpaka 3.41, inakuwa 68,250, haitoshi.

BintiSahare:
Haitoshi nini kaka? Hujatuambia unaitafutia nini.

Dereva_wa_Duga:
Basi wacha niseme ukweli. Nadaiwa hesabu ya pikipiki ya wiki mbili, bosi anaitaka Jumapili laki na ishirini. Hiyo elfu 20 ndo niliyonayo.

BintiSahare:
Subhanallah. Kwa hiyo umeanza na deni ndo ukarudi nyuma kutafuta timu zitakazofika hapo. Mpelekee bosi hiyo ishirini mkononi, muombe siku.

Ami_wa_Ngamiani:
Bosi wa pikipiki hapokei tiketi mwanangu.

Mgosi_Halisi:
Aweke kumi apeleke kumi. Dereva niandikie pembeni nina timu mbili za Uturuki.

Fundi_Redio:
Kwa hesabu ya odi zake mwenyewe huo mkeka katika mara 100 unatiki kama 15 hivi. Mimi nimeishia hapo.

Dereva_wa_Duga (Jumamosi, saa 3 usiku):
Wakuu nimeweka elfu 10 mkeka wote tano, ile kumi nyingine ninayo mfukoni. Tatu zimetiki, ya 1.85 inaanza saa 5. Ila ile ya 1.50 imeahirishwa, uwanja umejaa maji. Mkeka umekufa au?

Mpwa_wa_Makorora:
Haujafa, mechi ikifutwa inahesabiwa odi 1.00, mkeka wako sasa ni 4.21, kama elfu 42. Ila soma masharti ya kampuni yako, nyingine zinasubiri irudiwe ndani ya muda fulani, kama inachezwa kesho huenda bado iko hai na wewe utalala macho.

Dereva_wa_Duga:
Kashauti, yaani nikifunga mkeka sasa hivi bila kusubiri mechi iliyobaki, wananipa elfu 19. Nichukue?

Mgosi_Halisi:
Usiguse!!

BintiSahare:
Chukua, 19 na 10 ya mfukoni upeleke 29.

Ami_wa_Ngamiani:
Hiyo mechi ya saa 5 wanaonyesha wapi hapa Ngamiani? Dishi langu limekata.