Rili ya ngoma ya kurushia ufukweni: nichague ipi, na ya ukubwa gani?

Mwambani39

Wakuu, naomba mwongozo. Nimezoea kuvua kwa kurusha mshipi nikiwa nchi kavu, kwa rili (kifaa cha kukunjia mshipi) ya spini, ile ambayo ngoma yake, yaani kigurudumu cha mshipi, imetulia na mshipi unachomoka ukingoni. Sasa nataka kuhamia rili ambayo ngoma yenyewe inazunguka wakati wa kurusha.

Fimbo ni ya mita 3.9, imeandikwa gramu 100 hadi 200. Chubwi (uzito wa kuzamisha mshipi) ninalotumia zaidi ni la gramu 150, na chambo ni vipande vya samaki. Chini kuna mchanga hadi mita 60 hivi, kisha miamba. Samaki wengi ni wa kilo 2 hadi 5, ila samaki taa wakubwa nao hupita.

Ninachotaka kujua: ukubwa gani wa rili unafaa? Breki ya kurushia, ile inayotuliza ngoma, iwe ya sumaku au ile ya vipande vinavyosukumwa nje na mzunguko? Kile kidude kinachotembea kushoto na kulia kupanga mshipi kinasaidia au kinadhuru? Breki ya samaki, ile inayomzuia anapovuta mshipi, iwe ya kinyota (gurudumu la umbo la nyota karibu na mkono wa kuzungushia) au ya wenzo? Na je, beringi nyingi ndiyo rili bora?

---

FundiNgoma

Mkuu, anza na ngoma, mengine yatafuata. Matangazo husifia idadi ya beringi, lakini katika kurusha zinazofanya kazi ni mbili tu, zile zinazobeba ngoma. Zilizobaki ziko kwenye gia na mkono wa kuzungushia; zinalainisha uvutaji, haziongezi hata mita moja ya mrusho.

Kinachoamua kama rili itakutii ni uzito wa kile kinachozunguka. Chubwi hufikia kasi yake ya juu linapoachana na fimbo, na tangu hapo hewa inalipunguza mwendo. Ngoma haina habari hiyo. Ikishashika kasi inaendelea kumwaga mshipi ule ule, mshipi uliozidi unavimba juu ya ngoma, mzunguko mmoja unanasa mwingine, na hapo ndipo mvurugano unapozaliwa. Ngoma nzito yenye mshipi mwingi ni ngumu kuianzisha na ngumu zaidi kuituliza. Ndiyo sababu hatununui rili kubwa "kwa usalama". Nunua inayobeba mshipi unaouhitaji, basi.

Sasa hesabu ya mshipi. Ujazo hubadilika kwa mraba wa unene, si kwa unene wenyewe. Rili iliyoandikwa mita 250 za milimita 0.35, ukiijaza mshipi wa 0.40 utapata 250 × (0.35 × 0.35) ÷ (0.40 × 0.40), yaani mita 191. Ukirusha mita 100, umebakiwa na 91 za kupigana na taa. Kwa mchanga mtupu, 0.35 na rili ya kundi la Abu Garcia Ambassadeur 6500 au Penn 525 Mag zinatosha kabisa. Kwa miamba yako, inayosugua mshipi kila unapovuta, ningeweka 0.40 na kupanda ngazi moja: Ambassadeur 7000 au Daiwa Sealine SL30SH. Usipite hapo kwa chubwi la gramu 150. Angalia pia upana: ngoma pana sana inakulazimisha kusukuma mshipi huku na huku kwa kidole gumba wakati wa kuvuta, na ukisahau kidogo unapata kilima katikati na bonde pembeni. Mrusho unaofuata utakuonyesha kosa hilo.

Breki ya kurushia: kwa anayeanza, sumaku. Ngoma ya alumini haivutwi na sumaku, lakini ikizunguka karibu nayo umeme mdogo huzaliwa ndani ya alumini na kupinga mzunguko. Kadiri kasi inavyokuwa kubwa, upinzani nao ni mkubwa. Kasi ikishuka, unalegea wenyewe. Hakuna kinachogusana, hakuna kinacholika. Faida kubwa ni kwamba kwenye rili nyingi unaongeza au kupunguza kwa kirungu cha nje ukiwa umesimama majini. Upepo ukigeuka na kukupiga usoni, unaongeza robo mzunguko na kuendelea.

Breki ya vipande inafanya kazi kwa msuguano. Vipande vinateleza kwenye vijiti vyake na kusugua pete ya ndani, na nguvu yake inakua kwa mraba wa kasi. Kwa hiyo inauma sana mwanzoni, halafu karibu inapotea mrusho unapofika nusu. Warushaji wazuri wanaipenda kwa sababu hiyo hiyo. Tatizo ni kwamba kwenye rili nyingi lazima ufungue bamba la pembeni kubadilisha vipande, na ufukweni, mkono wenye mchanga na kipande kidogo kama punje ya mchele havipatani.

Kinyota au wenzo? Kinyota. Rili ya kinyota ikifunguliwa klachi, gia inaachana na ngoma kabisa. Kwenye nyingi za wenzo, sahani ya breki imefungwa kwenye ngoma na inazunguka nayo, hivyo uzito unaongezeka. Zipo za wenzo zinazorusha vizuri, kama Avet SX na MXJ za toleo la MC lenye sumaku, lakini usianzie huko.

Kipangaji mshipi: achana nacho. Kinapunguza umbali, mchanga unakula msumari wake wa ndani, na fundo linalounga mshipi mkuu na mshipi mnene wa mbele (kipande kinachobeba nguvu ya mrusho) linagonga kitundu chake kwa kasi kubwa. Likikwama, chubwi linakatika na kuruka usikokujua.

---

ChubwiZito

Nakubaliana na karibu yote, isipokuwa mawili.

La kwanza, ukubwa. Mtu hajajifunza kutuliza ngoma, tusimpe ya 7000 siku ya kwanza. Aanze na kundi la 6500 na mshipi wa 0.35, achezee upande wa mchanga mpaka kidole kielewe, ndipo apande. Ngoma ndogo inasamehe zaidi.

La pili, kipangaji. Kwa anayevua usiku na harushi zaidi ya mita 80, kina kazi yake: gizani huoni kilima kinachojengeka kwenye ngoma. Masharti ni fundo jembamba lililobanwa na kupunguzwa masalio, na kipangaji kuoshwa kila siku ya uvuvi. Anayetaka umbali, ndiyo, akitoe au anunue toleo lisilo nacho. Ambassadeur za CT hazina.

Jambo ambalo hujauliza ila litakugusa kila siku: mwendo wa gia. Usisome uwiano (ngoma huzunguka mara ngapi kwa mzunguko mmoja wa mkono wa rili) peke yake, zidisha na mzingo wa ngoma. Ngoma iliyojaa yenye kipenyo cha milimita 50 ina mzingo wa sentimeta 15.7. Kwa uwiano wa 6.1 kwa 1, mzunguko mmoja wa mkono unaleta sentimeta 96, kwa 4.1 kwa 1 unaleta 64. Kwa miamba yako chukua ya kasi. Chubwi likivutwa haraka linanyanyuka na kupita juu ya mawe. Likivutwa polepole linajikokota na kuingia kila ufa. Gia ya polepole ina nguvu zaidi kwa taa, lakini taa unamvuta kwa fimbo: inua, shuka huku ukizungusha, inua tena.

---

Mwambani39

Asanteni sana wakuu. Nimeelewa: kundi la 6500, sumaku, kinyota, bila kipangaji, gia ya kasi. Swali jingine: kwenye spini natumia mshipi wa kusukwa. Naweza kuuhamishia huku? Na huo mshipi mnene wa mbele uwe wa nguvu kiasi gani, na urefu gani?

---

Kigwe070

Wa kusukwa uache kwanza, ndugu. Kwenye ngoma inayozunguka una mabaya mawili. Ukivutwa kwa nguvu unazama kati ya mizunguko ya chini, na mrusho unaofuata unakwama hapo ghafla. Na ukivurugana, haufumuliki kama nailoni. Nailoni ina ukakamavu, ukivuta taratibu vitanzi vinaachiana. Pia wa kusukwa ni mwembamba sana kwa kidole kinachogusa ngoma inayokimbia, unakata ngozi. Anza na nailoni ya 0.35 isiyo laini mno wala yenye kumbukumbu nyingi ya kujikunja.

Mshipi wa mbele si wa hiari. Kanuni ya wazi ni kilo 4.5 za nguvu kwa kila gramu 28 za chubwi. Gramu 150 ni mara 5.4 hivi, kwa hiyo nguvu isiwe chini ya kilo 24. Kwa nailoni unaangukia kwenye milimita 0.70 hadi 0.80, soma lebo. Na chambo nacho kina uzito, usikisahau. Ukirusha moja kwa moja kwa mshipi wa 0.35, siku utakayoweka nguvu yote utakatika wakati chubwi liko nyuma ya kichwa chako au limeelekea kwa watu.

Urefu unaupata hivi: mita 2 zinazoning'inia kutoka ncha ya fimbo, mita 3 na kitu kutoka ncha hadi kwenye rili, kisha mizunguko 8 juu ya ngoma, ambayo kwa rili ya ukubwa huu ni mita 1. Ongeza mita moja ya kukata ukichubuka. Jumla mita 7 na kidogo. Mizunguko ile 8 ndiyo inayobeba mshtuko, kwa hiyo ikibaki 4 badilisha wote.

Fundo lilaze ukingoni mwa ngoma, upande usioguswa na kidole gumba, kila unapomaliza kuvuta. Fundo likiwa katikati litapasua kidole mara tu utakapoachia.

Kujaza: ufunge mshipi ukiwa umekazwa kwa kitambaa chenye maji, tabaka kwa tabaka, uachie milimita 2 hadi 3 kabla ya ukingo. Ukijaza mpaka juu, mizunguko ya mwisho inamwagika pembeni na kuingia kati ya ngoma na fremu, nao huko unakatika kimya kimya. Ukijaza pungufu sana, ngoma inalazimika kuzunguka mara nyingi zaidi kwa kila mita na umbali unapotea.

---

FundiNgoma

Kigwe070 kamaliza upande wa mshipi. Mimi nimalizie urekebishaji, maana hapa ndipo watu wanapoikatia tamaa rili nzuri.

Nati ya pembeni inayobana ncha za mhimili wa ngoma si breki. Ilegeze mpaka usikie ngoma ikicheza kushoto na kulia kwa nusu milimita hivi, uiache. Ukiibana ili kutuliza mrusho, ncha zinasuguana, zinapata moto, na kesho tabia yake ni nyingine. Kutuliza ni kazi ya sumaku na ya mafuta: tone moja la mafuta kwenye kila beringi ya ngoma. Mafuta mazito yanatuliza, mepesi yanaachia. Anza na mazito. Grisi isiingie kwenye beringi hizo, mahali pake ni kwenye gia.

Mirusho ya kwanza: breki ya sumaku iwe kwenye nguvu yake ya juu kabisa, chubwi gramu 150 (usijaribu na la gramu 80, jepesi haliivuti ngoma kwa utulivu), nguvu nusu. Ning'iniza chubwi mita 1.5 hadi 2 kutoka ncha ya fimbo, bana ngoma kwa kidole gumba, anza polepole na umalizie kwa kasi. Ukianza kwa kushtua, ngoma inaruka kabla chubwi halijashika njia na mshipi unavimba papo hapo. Ukiona kidole kinateleza wakati wa kurusha, funga kipande cha mpira wa tyubu ya baiskeli kidoleni. Kuteleza kunaunguza na kunaharibu mrusho. Chubwi likiwa hewani kidole kikae juu ya ngoma bila kugusa, na linapogusa maji, bana. Mivurugano ya mwisho wa mrusho yote ni ya kidole kilichochelewa. Punguza sumaku kidogo kidogo, mirusho kumi kwa kila hatua, na ukiona nyuzi zinanyanyuka juu ya ngoma rudi hatua moja.

Breki ya samaki ipime kwa mizani ya springi: theluthi moja ya nguvu ya mshipi au chini kidogo. Mshipi wa kilo 7, weka kilo 2. Hapa spini na ngoma ziko sawa: kadiri samaki anavyokimbia na ngoma kupungua, breki inakaza yenyewe. Kipenyo kikishuka kutoka milimita 50 hadi 35, kilo 2 zako zimekuwa karibu 2.9. Taa akikimbia mbali, legeza kinyota, usikaze.

Ukiinunua iliyotumika, fungua klachi na uzungushe ngoma kwa kidole: isikilize, mngurumo ni chumvi kwenye beringi. Funga klachi, zungusha mkono polepole. Ukihisi meno, gia imelika. Kaza kinyota kisha vuta mshipi kwa mkono: utoke laini, bila kushtuka-shtuka. Vua ngoma na uangalie ukingo wake kwa ukucha, kila alama ndogo itakwaruza mshipi. Mwisho angalia miguu ya rili na skrubu zake, kama kuna unga mweupe karibu na skrubu basi chumvi imeshaingia ndani ya fremu.

Baada ya kila uvuvi, kaza kinyota, mwagia maji baridi yasiyo na nguvu, ikaushe, kisha legeza kinyota kabla ya kuihifadhi. Maji ya presha yanasukuma chumvi ndani badala ya kuitoa.